Kinyozi Hajinyoi

Mhariri wa gazeti letu hili, kijana wa Kidato cha Tatu, alinijia mwanzoni mwa muhula akanitaka niandike habari ya walimu: nani huwafunza wakiisha kutoka chuoni, na nani huwatazama wakichoka. Alisema wenzake wamebishana siku mbili, kwa kuwa kila Jumatano baada ya vipindi huona mlango wa ofisi ya walimu umefungwa na walimu wote wamo ndani. Mara husikia kicheko, mara kimya. Wako waliosema tunagawana fedha. Wako waliosema tunaandika majina ya watakaorudishwa nyumbani kuleta wazazi. Basi nimeona heri niyaeleze yaliyo kweli, kwa wanafunzi na kwa wazazi vilevile, maana hata baadhi ya wazazi wamekwisha kuniuliza jambo hilo njiani.

Nitaanza na kinyozi. Hapa Magomeni, ukitoka Mapipa kwenda Usalama kwa njia za ndani, utapita vibanda vingi vya vinyozi, na kimoja katika hivyo ni cha jirani yangu. Mkono wake ni mwepesi, na watu hutoka mbali kuja kwake. Lakini nimemwona mara nyingi, Jumatatu asubuhi wateja wakiwa wachache, akivuka barabara na kuketi katika kiti cha kinyozi mwenziwe, tena akimlipa. Siku moja nilimwuliza, "Fundi, mashine unayo, kioo unacho ukuta mzima; kwa nini umpe mwenzio fedha?" Akanijibu, "Mwalimu, kioo chanionyesha uso. Kisogo changu nani akione?"

Mimi nafundisha Hisabati, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kazini. Kwa miaka kumi na minne ya mwanzo hakuna mwalimu mwenzangu aliyepata kuketi darasani mwangu kipindi kizima. Nilifunga mlango, nikafundisha, nikatoka. Ningeulizwa kama nafundisha vizuri ningesema ndiyo, na wala nisingekuwa ninasema uongo kwa kusudi. Nilikuwa nimeuona uso wangu tu.

Ilipoamriwa kwamba walimu tuanze kutazamana, zamu ya kutazamwa iliniangukia mimi mapema, nami sikupenda. Aliyekuja kuniona alikuwa mwalimu wa Biolojia, binti mwenye mwaka wa pili tu kazini, ambaye bado huniamkia shikamoo kila asubuhi kwa kuinamisha kichwa. Nikajisemea moyoni, huyu ataniambia nini? Aliketi nyuma kabisa, penye madawati ya wale warefu, ana karatasi moja na kalamu. Nilifundisha Kidato cha Pili namna ya kutafuta vigawo vya mlinganyo wa kipeo cha pili. Nilifundisha kwa bidii kuliko siku zote, kama ijulikanavyo kwamba mgeni akija ndipo vyombo vizuri hutolewa kabatini.

Baada ya kipindi alinionyesha karatasi yake. Alikuwa amechora madawati yote, na kila mwanafunzi aliyesema neno alimtilia alama. Darasa lilikuwa na wanafunzi 84. Katika dakika 40, waliosema walikuwa 9, na 7 katika hao waliketi safu mbili za mbele upande wa dirisha, ambako ndiko nisimamako. Mara 11 niliuliza, "Tumeelewana?" na mara 11 darasa zima liliitika, "Ndiyooo." Kisha yule binti akasema kwa sauti ya chini, "Samahani mwalimu, hata mimi niliitika, nami sikuelewa."

Tulicheka wote wawili. Lakini jambo la pili alilonieleza halikuwa la kuchekwa. Aliniambia ya kuwa mtu aketiye nyuma haoni pembe ya chini ya ubao mkono wa kulia, kwa sababu jua la saa nne huingia dirishani na kung'aa pale pale. Sasa, pembe ile ndipo niandikapo kazi ya nyumbani. Nimeiandika pale miaka yote niliyokaa katika chumba kile, na kesho yake huwasimamisha wasioifanya. Nikawakumbuka vijana wa nyuma niliowaita wavivu, wengine wamekwisha kumaliza shule wamekwenda zao, na nisingeweza kuwafuata nyumbani kwao kuwaomba radhi. Usiku ule sikulala vizuri. Kwanza nilikasirika, tena nilimkasirikia yule binti. Ndipo nikaona aibu kwa kukasirika.

Wiki iliyofuata nilihamisha kazi ya nyumbani ikawa juu kushoto. Nikachukua kopo tupu la maziwa, nikatia vipande vya karatasi vyenye majina ya darasa zima, na anayejibu akawa yule ambaye jina lake limetoka koponi. Sisemi kwamba wote wakafaulu kwa muujiza. Lakini niliyajua makosa yao, ambayo zamani yalikuwa yamefunikwa na ile "Ndiyooo". Wengi hawakushindwa Hisabati. Walishindwa maneno ya Kiingereza ambayo swali liliandikwa, maana miaka saba ya shule ya msingi walijifunza kwa Kiswahili. Hilo nalo sikulijua mpaka waliponyamaza mmoja mmoja mbele yangu.

Kazi hii tunayoifanya Jumatano ina jina. Huitwa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na kwa ufupi MEWAKA. Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania zimeieneza nchini katika miaka hii ya 2020. Walimu wa shule moja wanaokutana hivyo huitwa Jumuiya ya Kujifunza. Zamani mafunzo ya mwalimu aliye kazini yalikuwa hasa ni semina: mmoja wetu huchaguliwa, huenda siku tano, hurudi na mkoba na cheti, na mambo aliyoyasikia hubaki katika daftari lake. Semina zingaliko na sizibezi, maana nimepata faida kwazo. Lakini taabu yake ni kwamba huko husemwa habari za madarasa kwa jumla, wala si za darasa hili lenye wanafunzi 84 na jua la saa nne.

Katika Jumuiya mambo huendeshwa hivi. Walimu huchagua mada iliyo ngumu kufundisha, si mada iliyo rahisi kujionyesha. Huiandalia somo kwa pamoja, kila mtu akitoa lake. Kisha mmoja hulifundisha na wenzake huketi nyuma. Sharti kubwa ni kwamba wao hawamtazami mwalimu, huwatazama wanafunzi: nani anaandika, nani anakopi, nani ameacha kufuata, na aliacha wakati gani. Baada ya hapo hukaa pamoja, na wa kwanza kusema ni yule aliyefundisha. Somo limekwisha kuwa la wote, hivyo likiharibika limewaharibikia wote. Pia shule za jirani hukutana katika vituo vya walimu, na Taasisi imeweka masomo mengine ambayo mwalimu huyasoma kwa simu yake au kwa kompyuta, lakini mimi naona mzizi wa jambo uko pale nyuma ya darasa.

Si sisi tulioibuni desturi hiyo. Wajapani wamekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 100, nao huiita jugyō kenkyū, yaani uchunguzi wa somo. Mwalimu wa Japani hufunguliwa mlango na wenzake tangu mwaka wake wa kwanza, na huona ajabu kusikia kwamba kwingine mlango hufungwa. Jirani zetu wa Kenya walishirikiana na shirika la Kijapani, JICA, kuanzia mwaka 1998, wakaanza katika wilaya 9 mpango wa kuwasaidia walimu wa sekondari wa Sayansi na Hisabati walio kazini, uliojulikana kwa jina la SMASSE. Walimu walifunzwa kumfanya mwanafunzi atende kwa mkono wake badala ya kusikiliza tu, na kutumia vitu vilivyopo karibu pale ambapo vyombo vya maabara havipo. Mpango ule ukaenea nchi nzima.

Wala sisi Watanzania si wageni wa jambo la mwalimu kujifunza akiwa kazini. Wazee watakumbuka kwamba katika Azimio la Musoma la mwaka 1974 iliamriwa kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha hata kidogo. Basi walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha sehemu ya siku na kujifunza ualimu sehemu iliyobaki, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowatembelea vijijini. Maelfu walipita njia hiyo. Wako waliowadharau na kuwaita "walimu wa UPE" kwa kukunja pua. Mimi nilifunzwa kusoma na mmoja wao, bibi mmoja mwenye sauti kali na moyo laini, na nilipokuwa mtu mzima alinisimulia ya kuwa hakuna kilichomsaidia kama mkufunzi wake aliyekuja kwa baiskeli, akaketi nyuma ya darasa, kisha akabaki naye chini ya mwembe hadi jua lilipozama. Vitabu vya posta, alisema, alivisahau vingi.

Hapo msomaji ataniuliza, je, wakaguzi hawakuwapo? Walikuwapo. Lakini ukweli ni kwamba mkaguzi alipokuja tulifagia hata tusikopita. Maandalio ya somo yaliandikwa usiku kucha, ya mwezi mzima kwa kalamu moja, na watoto waliambiwa wakae kimya. Mtu hawezi kumwonyesha kidonda yule anayemdhania amekuja kumwandikia barua. Mwaka 2017 Wizara ilitoa kiunzi kipya cha udhibiti ubora wa shule, chenye nia ya kumfanya mgeni yule awe msaidizi zaidi kuliko askari, na kwa kweli nimeona mabadiliko. Hata hivyo mgeni hubaki mgeni. Hawezi kuja kila Jumatano.

Sasa niseme habari ya uchovu, ambayo ni ngumu zaidi kuisema.

Kutoka shuleni kwetu hadi mtaa wa Ifunda si mbali. Huko iko nyumba ambayo sasa ni makumbusho, na wanafunzi wa kidato cha kwanza hupenda kupelekwa. Ni nyumba aliyokaa Julius Nyerere mwishoni mwa miaka ya 1950. Yeye alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, akaenda masomoni Edinburgh, na aliporudi akafundisha Pugu, hata Machi 1955 alipoiacha kazi hiyo kwa ajili ya TANU. Akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, akastaafu, na siku zote hizo watu hawakuacha kumwita Mwalimu. Hakuna nchi nyingi ambazo jina la kazi yetu limepandishwa juu namna hiyo, nami najivunia.

Lakini jina kubwa lina uzito wake. Watu wakikuita Mwalimu sokoni, msibani na ndani ya mwendokasi, huona haya kusema hujui, na huona haya zaidi kusema umechoka au umeishiwa. Naomba wazazi wafanye hesabu ndogo pamoja nami. Nikisahihisha daftari moja kwa dakika 3 tu, darasa la wanafunzi 84 lanichukua dakika 252, yaani saa 4 na dakika 12. Mikondo niliyo nayo ni mitatu. Zoezi moja kwa mikondo yote ni saa 12 na dakika 36, na hizo ni baada ya kufundisha, na kabla ya kuandaa somo la kesho. Tena kodi za nyumba hapa Magomeni si za mshahara wetu wengi, hivyo walimu wengi hulala Chanika, Kivule, Kibamba na kwingine huko. Huamka saa kumi alfajiri. Mvua kubwa zinyeshapo, bonde la Jangwani limepata kujaa maji na barabara kufungwa, na mwalimu anayerudi upande ule akafika kwake saa tano usiku na madaftari kwapani. Kesho yake yuko mstarini saa moja na nusu, na mtoto akimwona amekunja uso husema, "Leo mwalimu ana hasira."

Mwenzetu mmoja, ambaye simtaji na ambaye alinipa ruhusa kuandika haya, alikuwa na desturi ya kukosekana siku mbili kila mwisho wa mwezi. Sisi wenzake tuliipa jina, "homa ya mshahara". Tulidhani akipata fedha huenda kustarehe. Hata mimi nilitania. Naye alicheka pamoja nasi, na katika kucheka kwake hatukuona kitu.

Jumuiya yetu ilipoanza, mwalimu mmoja wa kike mwenye hekima alishauri kwamba robo saa ya kwanza isiwe ya masomo. Kila mtu aseme wiki yake ilikuwaje, kwa maneno mawili matatu, na asiyetaka anyamaze. Wengi tuliona ni upuuzi. Wiki za kwanza watu walisema, "Salama tu." Wiki ya tano au ya sita yule mwenzetu alisema kwamba yeye hana kadi yake ya benki. Kadi iko kwa mtu. Alikuwa amekopa fedha za matibabu ya mama yake kwa mkopeshaji wa mtaani, mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na mkopeshaji alishika kadi pamoja na namba ya siri. Kila mshahara unapoingia, mkopeshaji hutangulia kuutoa, hukata chake, na kinachobaki humpa mwenyewe. Kisichotosha hugeuka kuwa mkopo mpya. Zile siku mbili alikuwa akikesha na kushinda nje ya kibanda cha mtu yule, akingoja abakishiwe nauli. Mwaka mzima alikuwa akifanya hivyo.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Nilikuwa nimekaa naye meza moja miaka minne.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Tulikuwa na mfuko wetu wa kufa na kuzikana, tukakubaliana kwamba mtu hapaswi kungoja afe ndipo afae, tukamkopesha humo. Deni lililobaki lilihesabiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye alimwuliza mkopeshaji kama ana leseni, kwa kuwa sheria ya mwaka 2018 ya huduma ndogo za fedha humtaka kila mkopeshaji awe nayo. Hakuwa nayo, na sauti yake ikapungua. Mwenzetu akaenda benki, kadi ya zamani ikafungwa, akapewa nyingine. Sasa ni mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa, na mwisho wa mwezi yumo darasani. Wanafunzi wake wa Kidato cha Nne, ambao hawajui lolote katika haya, waliniambia tu kwamba siku hizi mwalimu amemaliza mada mapema.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mambo ya kazi ni mbali na mambo ya nafsi. Nchi nyingi zilikubaliana juu ya hilo zamani. Tarehe 5 Oktoba 1966, huko Paris, yalipitishwa mapendekezo ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani juu ya hadhi ya walimu, na humo mlitajwa kwamba mazingira ya kazi ya mwalimu yawe ya kumwezesha kuuelekeza moyo wake kwenye kufundisha. Siku ya Walimu Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1994, huwekwa tarehe hiyo kwa sababu hiyo. Hapa kwetu kipo Chama cha Walimu Tanzania tangu mwaka 1993, na ipo Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inayoshughulikia ajira, vyeo na nidhamu zetu. Vyombo hivyo vina kazi yake, na mwalimu aliyecheleweshewa daraja ajue mlango wa kubisha. Lakini Tume haiwezi kujua kwamba fulani leo amekuja kwa miguu. Hilo hujulikana na aketiye meza ya jirani, tena akiuliza.

Nimewaacha wakuu wa shule mpaka sasa, na hao ndio hasa walionifanya niandike. Watoto wa shule ya msingi humwita kiongozi wao Mwalimu Mkuu, nasi wa sekondari husema Mkuu wa Shule, kama kwamba ualimu umebanduka katika jina lake. Na katika kazi pia hubanduka. Tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016, fedha za uendeshaji huja moja kwa moja katika akaunti ya shule, na Mkuu ndiye mwenye kuulizwa. Mwaka 2021 Serikali ilipotumia fedha za UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 katika hayo yakiwa ya sekondari, wakuu wengi waliosomea Kemia au Jiografia walijikuta wakihesabu mifuko ya saruji na kubishana na mafundi juu ya nondo. Bagamoyo kiko chuo chao, ambacho kilianza mwaka 1979 kwa jina la MANTEP na tangu mwaka 2001 ni Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM; huko hufundishwa uongozi, fedha na mipango. Tena wana umoja wao, TAHOSSA. Lakini kozi huisha, na mikutano ya umoja si ya kila wiki. Katika shule yenye walimu arobaini, Mkuu ni mmoja, na hana aliye sawa naye wa kumtania.

Jioni moja, yapata saa kumi na mbili, nilirudi kuchukua mwavuli niliousahau, nikaona taa ya Mkuu inawaka. Nikabisha. Mama huyu alikuwa peke yake na bunda la stakabadhi, na kando yake daftari za Historia ambazo hazijasahihishwa. Nilitegemea atalalamika juu ya wakandarasi au juu ya wazazi. Aliniambia jambo moja tu, kwamba wiki mbili hajaingia darasani mwake, na watoto wanamwona akipita wanadhani amewasahau. Alisema hilo lamwuma kuliko madai yote yaliyo mezani. Nilikuwa nimefanya kazi chini yake miaka mitatu, na nilikuwa sijapata kumwuliza kama hajambo, ila kwa salamu ya kupita.

Jumatano iliyofuata tulimwita Mkuu katika Jumuiya, si kama Mkuu bali kama mwalimu wa Historia. Wawili wetu walio katika kamati ya mapokezi ya vifaa walikubali kushika daftari la stoo na la mafundi, yeye abaki na kuidhinisha na kutia saini. Wengine waligawana kupokea wageni saa za asubuhi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kamati hizo zilikuwapo tangu zamani katika karatasi. Akarudi darasani.

Kwa wazazi nina machache. Ujumbe wa simu ufikao saa nne usiku kuuliza kwa nini mtoto amepata 38 husomwa na mtu ambaye saa kumi ataamka, ungojee asubuhi. Ukija shuleni mwenyewe, njoo siku yoyote ila Jumatano baada ya saa nane na nusu, na ukija usije kwa matokeo tu. Mzazi mmoja, muuza mchele wa Kariakoo, hupita kila muhula kutuuliza, "Walimu, hamjambo? Mtoto wangu amewachosha?" halafu huenda zake. Amejulikana na walimu wote, na mtoto wake hatutaki apotee. Kwa wanafunzi ni jambo dogo zaidi: nikiuliza kama tumeelewana na hamkuelewa, semeni hapana. Sitakasirika. Au nikikasirika, kesho nitakuwa nimepoa.

Mlango basi hufungwa kwa sababu hizo, na kicheko mnachosikia mara nyingi ni changu mimi kinapigwa. Juzi yule binti wa Biolojia alitazamwa nami nikaketi nyuma na karatasi yangu. Alizungumza na ubao dakika sita bila kugeuka, na nilifurahi mno kumwambia. Jumatano ijayo, kipindi cha tatu, Kidato cha Pili B, zamu ni ya Mkuu wa Shule mwenyewe. Ameomba aketiwe na watu wawili badala ya mmoja, na ametuonya kwamba tusimfagilie chumba.